Kununua Vyombo vya Santuri Vilivyotumika

Bwana Mhariri ameniomba niwaeleze wasomaji habari ya vyombo vya santuri ambavyo sisi wanafunzi wa zamani tulitaka kuinunulia Klabu ya Muziki ya shule. Najua wako walionung'unika kwamba tuliviacha vitu vizuri, na wako wanaosema kwamba tulinunua takataka za miaka hamsini. Basi nitaeleza jinsi nilivyovitazama, kila mtu aamue mwenyewe. Tena huenda kijana mmoja akakutana na vitu kama hivyo mnadani, asipoteze fedha zake kama nilivyopoteza zangu.

Hasara yangu ilikuwa hivi. Miaka kadha iliyopita niliona katika duka la vitu vikuukuu amplifaya ya Kijapani, nzito kama mfuko wa saruji, uso wake wa madini unang'aa. Jina lake nililijua tangu utoto, nikatoa mshahara wa miezi miwili bila kuuliza sana. Nyumbani nikatia plagi ukutani. Haukupita muda wa kuhesabu kumi, moshi ukatoka. Umeme wetu Uganda ni volti 240, na Japani ni volti 100. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa nyuma ya chombo kwa herufi ndogo, nami sikulisoma. Fyuzi ingeweza kuniokoa, lakini mtu fulani kabla yangu alikuwa ameitoa akafunga kipande cha waya mahali pake. Transfoma ikaungua, na transfoma ya namna ile huipati madukani kwetu. Tangu siku ile kila chombo nakianzia mgongoni, na fyuzi naichomoa niitazame kwa macho.

Vyombo vya klabu tulivikuta Kampala, katika nyumba ya mzee mmoja aliyefariki, ambaye ujanani alisoma Marekani kisha akafanya kazi London. Binti yake alikuwa akiuza vitu vitatu pamoja: amplifaya ya Quad, spika mbili kubwa za Kimarekani, na mashine ya kuzungushia santuri, nayo ya Kimarekani. Alitaka shilingi 3,000,000. Sisi katika mfuko wetu tulikuwa na 2,500,000. Nilikwenda na fundi wa redio, mita yake, taa moja, na spika ndogo mbovu-mbovu ambayo ikiungua hakuna atakayelia.

Nianze na Quad, maana hiyo ndiyo tuliyoinunua. Ilitengenezwa Huntingdon, Uingereza, na kampuni ya Peter Walker. Ni masanduku mawili: dogo lenye vifungo huitwa 33, na zito lenye nguvu huitwa 303, nayo yalianza kuuzwa mwaka 1967. Nguvu yake ni wati 45 kila upande. Vijana watacheka, maana siku hizi hata redio ya plastiki huandikwa wati elfu. Wati zile ni za karatasi ya kubandika. Hizi 45 ni za kweli, na kwa chumba cha darasa zatosha na kubaki. Lakini sikuipendea nguvu wala jina. Niliipenda kwa kuwa michoro ya umeme wake inajulikana, transista zake zina mbadala, na vipuri vyake bado vyauzwa Uingereza. Fundi wetu aliifungua kwa bisibisi ya kawaida, akaona kila kitu kilipo. Ziko amplifaya za miaka ya 1980, za bei kubwa kuliko hii, ambazo kazi yote hufanywa na kipande kimoja cheusi kilichotengenezwa kwa ajili yake tu. Kipande hicho kikifa, na mtengenezaji ameacha kukitoa, umebaki na sanduku la kuwekea maua.

Katika amplifaya kuukuu kinachozeeka kwanza ni kapasita zile kubwa za alumini, zilizo kama mikebe midogo. Ndani yake mna karatasi iliyoloweshwa dawa ya majimaji, na kazi yake ni kuulainisha umeme. Dawa ile hukauka mwaka hata mwaka, chombo kikitumika au kisitumike. Joto huongeza haraka: mafundi hukadiria kwamba kila joto likizidi kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita hupungua nusu. Kwa hiyo amplifaya iliyokaa juu ya kabati chini ya bati haina umri sawa na ndugu yake aliyekaa Ulaya, ijapokuwa zilitoka kiwandani siku moja.

Mwuzaji akisema, “Ilikuwa inaimba vizuri hadi tulipoizima mwaka fulani,” usikubali aiwashe vivi hivi. Fundi wetu aliunganisha taa ya wati 60 katika njia ya umeme, yaani umeme upite kwanza katika taa ndipo ufike kwenye chombo. Lazima iwe taa ya zamani yenye waya unaowaka ndani. Kama ndani ya chombo mna hitilafu kubwa, taa itawaka kabisa na chombo kitasalimika. Yetu iliwaka kidogo, ikafifia. Ndipo akapima kwa mita mahali panapofungwa spika, aone kama panatoka umeme kama wa betri. Ukizidi sehemu moja ya kumi ya volti, yafaa kushuku. Ukiwa wa volti kadha, utaunguza spika yoyote utakayofunga. Baada ya hapo ndipo tulipofunga spika yetu mbovu, nikatega sikio karibu sana. Palikuwa na mngurumo mzito usiobadilika hata sauti ilipopunguzwa, nayo ndiyo dalili ya kapasita zilizokauka. Kitasa cha sauti kilikwaruza pia, lakini hilo ni vumbi tu, na dawa ya kusafishia hulimaliza. Kukwaruza ni rafiki wa mnunuzi: hupunguza bei kuliko linavyopunguza thamani. Ndani tulikuta mifupa ya mjusi, mikavu, imelala juu ya transfoma. Fundi akaitoa kwa heshima.

Spika zilinisikitisha. Mbao zake zilikuwa nzuri ajabu, na binti aliniambia, “Baba alizipenda kuliko gari.” Nilipotoa kitambaa cha mbele nikagusa ukingo wa ile spika kubwa ya sauti nene, ukingo unaoshika karatasi na kuiacha icheze mbele na nyuma. Ulikuwa wa sponji, ukavunjika mkononi mwangu kama mkate uliokauka. Sponji ya namna hiyo huoza baada ya miaka kumi au ishirini, na katika nchi yenye joto na unyevu haingoji sana. Watengenezaji wengi waliitumia miaka ya 1970. Ukingo wa raba au wa kitambaa hudumu zaidi, nao hutambulika kwa kidole tu.

Binti akaniuliza, “Kwa hiyo, kaka, unasema ni taka?” Nikamwambia sivyo. Tulipima kwa mita, na nyaya za ndani zilikuwa nzima. Spika ya omu 8 ikionyesha 6 au 7 ni hai, na ikiwa mita haisogei kabisa imekatika. Ukingo mpya huuzwa, na mtu mwenye mkono mtulivu huweza kuubandika. Ila sisi hatukuwa na mtu huyo, wala hatukuwa na fedha za kuagiza vitu ng'ambo na kulipia ushuru. Nilimshauri azitangaze kwa ukweli, aseme kingo zimeoza na nyaya ni nzima, naye atapata mtu wake.

Mashine ya santuri ndiyo iliyoleta ubishi kati yetu, kwa sababu ilikuwa safi, haina ulemavu wowote. Mwenzangu mmoja alisema tununue transfoma ya kushusha umeme kutoka volti 240 hadi 120, tumalize. Lakini transfoma hushusha volti tu. Umeme wa Marekani hugeuka mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50, na mota ya mashine nyingi za wakati ule hufuata hesabu hiyo kama askari afuatavyo ngoma. Santuri inayotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika itazunguka karibu mara 28. Mwimbaji wa kike atasikika kama mwanamume aliyeamshwa usiku. Dawa yake ni kubadili gurudumu dogo lililo juu ya mota. Garrard 301 ya mwaka 1954, iliyotengenezwa Swindon, ilikuwa na magurudumu ya namna mbili, moja kwa kila umeme, na hupatikana hata leo. La mashine hii hatukulipata. Zile za Technics SL-1200MK2, zilizotoka mwaka 1979, hazina taabu hiyo, kwa kuwa mota yake hufuata kipimo cha kioo kilicho ndani yake wala si umeme wa ukutani. Volti tu ndizo za kuangalia.

Hata sindano ni hesabu ya kufanya. Almasi yake huchakaa baada ya saa mia tano hadi elfu, na iliyochakaa hukwangua santuri. Shure ya Marekani, iliyosifika sana kwa vichwa vya sindano, iliacha kuvitengeneza mwaka 2018. Kabla hujampenda mtu kwa sauti ya kichwa chake, uliza sindano ya pili utaitoa wapi.

Tukaomba Quad peke yake. Binti alitaja 1,300,000, sisi tukataja 900,000, tukamwonyesha mngurumo, tukakubaliana 1,050,000. Kapasita mpya na kazi ya fundi zikafika 280,000. Zimebaki 1,170,000 za spika mpya na mashine mpya ya kawaida, ambazo hazitakuwa na sifa ya zile za mzee, lakini zitaimba kwa umeme wetu.

Matundu ya nyuma ya 33 ni ya mviringo, ya namna ya zamani, kwa hiyo fundi bado anachomelea nyaya za kuunganishia. Amplifaya yenyewe ipo katika kabati ya klabu, imefunikwa kitambaa, na nasikia wanachama wameanza kugombania ufunguo.