MKAGUZI WA KAZI ANAPIMA NINI?



Katika kitabu cha Mwanzo tunasoma habari za Yakobo na mjomba wake Labani. Yakobo alimtumikia Labani miaka 20: miaka 14 kwa ajili ya binti zake wawili, na miaka 6 kwa ajili ya wanyama. Mwisho wake akalia kwamba Labani amembadilishia mshahara mara kumi. Mara kumi! Hakukuwa na karatasi wala shahidi, tena hakukuwa na mtu wa tatu wa kuwasikiliza wote wawili. Mwenye mali alisema, mwenye jasho alinyamaza.

Hapa kwetu Kanyaruchinya akina Yakobo wako wengi. Tazameni wale wanaoponda mawe ya volkano, wanaobeba mchanga, wajenzi, walinzi wa usiku, wasichana wa kazi za nyumbani, vijana wa kuuza katika maduka ya wengine. Mwaka 2012, na tena kutoka 2022 mpaka mwanzo wa 2025, wakimbizi wa vita walijaa katika mawe haya, na wengi walitafuta kazi ya siku kusudi watoto wapate kula. Mtu mwenye njaa haulizi bei. Ndipo tunasikia maneno haya kila pahali: «Ye anatumika sawa mimi, juu ya nini feza yangu iko kidogo?»

Swali hilo si manung'uniko tu. Ni swali la sheria, na sheria ya nchi yetu imeweka mtu wa kulisikiliza. Anaitwa mkaguzi wa kazi, au kama tunavyosema mjini, inspecteur wa kazi. Wengine wanadhani huyo ni polisi wa kufunga mabwana wa kazi. Wengine wanadhani ni hakimu. Wengine wanadhani ni mtu wa kodi. Makala haya yanaeleza kazi yake ni gani, anapima nini, na sisi tunapaswa kumletea nini.

1. SHERIA INASEMA NINI

Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 36, inampa kila mtumishi haki ya malipo ya kutosha na ya usawa, kusudi yeye na jamaa yake waishi maisha yenye heshima ya mwanadamu.

Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika kifungu cha 86, inaingia ndani zaidi. Inafundisha kwamba mambo matatu yakiwa sawa, mshahara nao lazima uwe sawa. Mambo hayo ni hali ya kazi, ujuzi wa mtu, na matunda ya kazi yake. Kisha inataja mambo matatu ambayo hayawezi kupunguza mshahara: pahali mtu alipotoka, kuwa mwanaume au mwanamke, na umri wake.

Msichanganye jambo hili na mshahara wa chini wa nchi nzima, ule unaoitwa SMIG. Huo ni sakafu: hakuna mtu wa kulipwa chini yake. Mwaka 2018 Serikali iliuweka franga 7.075 kwa siku kwa mtu wa kazi ya mkono isiyo na ufundi. Mwaka 2025 iliupandisha kwa hatua mbili: kwanza franga 14.500, kisha 21.500. Lakini mtu anaweza kulipwa juu ya sakafu hiyo na bado akawa amepunjwa, kama mwenzake wa kazi ileile anapewa zaidi bila sababu. Kwa hiyo mkaguzi ana maswali mawili. La kwanza: je, mtu huyu yuko juu ya sakafu? La pili: je, yuko sawa na mwenzake?

2. MKAGUZI NI MTU WA NAMNA GANI

Mkaguzi wa kazi hakuanzia kwetu. Shirika la Kazi Ulimwenguni, ambalo kiti chake ni Geneva, lilipatanisha mataifa juu ya ukaguzi wa kazi mwaka 1947, na juu ya mshahara sawa wa mwanaume na mwanamke mwaka 1951. Nchi yetu ilikubali mapatano yote mawili.

Kwa mapatano ya 1947 mkaguzi ana ruhusa ya kuingia pahali pa kazi bila kutoa habari mbele. Anaweza kuuliza bwana wa kazi au watumishi, peke yao au mbele ya mashahidi. Anaweza kudai vitabu vya mishahara na kuvinakili. Lakini naye amefungwa. Hapaswi kuwa na faida katika kampuni anayoikagua. Tena anapaswa kuficha kabisa jina la mtu aliyeleta malalamiko: akienda kutazama kampuni, hana ruhusa hata ya kuonyesha kwamba amekuja kwa sababu ya malalamiko. Mlivyo watu wa hapa, mnajua sababu. Mtu akisikika tu kwamba amesema, kesho anaambiwa: «Usirudie tena pa kazi.»

Basi, mkaguzi hafungi mtu wala hakati hukumu. Katika ugomvi wa mshahara anaita pande mbili, anasikiliza, anapima, anajaribu kupatanisha. Wakipatana, mapatano yanaandikwa na kutiwa sahihi. Wasipopatana, hilo nalo linaandikwa, na ndipo mtumishi anaweza kwenda mbele ya mahakama ya kazi. Angalieni sana: kwa sheria ya 2002, mahakama haipokei ugomvi ambao haukupitia kwanza kwa mkaguzi. Ni yeye mlango.

3. NAMNA ANAVYOPIMA

Tuchukue mfano. Tuseme mafundi wawili wanapaka rangi nyumba za bwana mmoja. Mmoja ni baba, mwenyeji wa hapa. Wa pili ni mama, alifika hapa kwa kukimbia vita. Baba anapewa franga 25.000 kwa siku, mama franga 22.500. Mama anapeleka malalamiko.

Mkaguzi haanzi kwa kumhurumia mama, wala kwa kumwogopa bwana. Anauliza mambo matatu ya sheria, moja kwa moja.

Hali ya kazi: Je, wanaanza saa moja? Wanamaliza saa moja? Wote wanapanda ngazi, ama mmoja anapaka chini tu na mwingine anapaka kule juu penye hatari?

Ujuzi: Kuna mwenye diploma, au mwenye kujua kuchanganya rangi na kuongoza wengine? Ujuzi huo unatumika katika kazi hii, ao umekaa katika karatasi tu?

Matunda: Kwa siku moja kila mmoja anamaliza kuta ngapi? Kuna kazi iliyorudiliwa kwa sababu ya kuharibika?

Kisha anamsikiliza bwana. Bwana anaweza kujibu: «Huyu iko baba wa familia, iko na mizigo.» Jibu hilo halina uzito, kwa maana sheria haikuuliza ni nani mwenye watoto wengi, na huyo mama naye ana wake. Anaweza kujibu: «Ule ni mukimbizi, alikubali mwenyewe.» Halina uzito vilevile: pahali mtu alipotoka hapapunguzi mshahara, na njaa ya mtu haiondoi sheria. Lakini anaweza pia kujibu: «Baba ndiye anayeshika funguo, anahesabu ndoo za rangi, na kitu kikipotea analipa yeye.» Hapo mkaguzi anasimama na kupima. Kama ni kweli, tofauti inaweza kuwa ya haki. Kama ni maneno yaliyotungwa asubuhi ya kuitwa, vitabu na mashahidi vitaonyesha.

Hapa tujifunze jambo moja. Si kila tofauti ya mshahara ni udhalimu. Udhalimu ni tofauti ambayo sababu yake haiwezi kuonyeshwa katika kazi yenyewe.

4. «SISI HATUNA KARATASI»

Wengi watasema: «Kazi yetu ni ya mdomo tu, tutamwonyesha nini?» Sheria ya 2002 inataka mapatano ya kazi yaandikwe. Lakini yasipoandikwa, mtumishi hapotezi haki yake: anaweza kuonyesha kwa njia zote za sheria kwamba alitumika na kwamba waliagana bei fulani. Mwenzake aliyetumika naye ni shahidi. Ujumbe wa simu wa kupokea feza ni ushahidi. Daftari la fundi mkuu lenye majina ni ushahidi.

Tena, kila anapolipa, bwana wa kazi anapaswa kumpa mtumishi karatasi yenye hesabu ya mshahara wake. Asipoitoa, usipigane naye. Nunua kaye ndogo na biki. Kila jioni andika: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, kazi uliyofanya, nani alikuwa pamoja nawe, feza uliyopokea. Kaye hiyo peke yake haitoshi kushinda, maana umeiandika mwenyewe. Lakini ikikubaliana na maneno ya mashahidi na ujumbe wa simu, inakuwa na nguvu. Mkaguzi hawezi kupima hewa. Anapima kile kilichowekwa katika mizani.

5. KIMYA KINAKULA FEZA

Jambo hili wengi hawalijui, nalo limeumiza watu. Madai ya mshahara yana mwisho. Kwa sheria ya 2002, haki ya kudai mshahara inakufa baada ya mwaka mmoja, kuhesabu tangu siku mshahara huo ulipopaswa kulipwa.

Tufanye hesabu ya mama wetu, kama katika darasa. Tofauti ni franga 2.500 kwa siku. Kwa siku 26 za mwezi ni franga 65.000. Kama alitumika miezi 18, alipunjwa franga 1.170.000. Lakini akinyamaza mpaka mwisho wa miezi hiyo ndipo apeleke madai, miezi 12 tu ndiyo inabaki mikononi mwake: franga 780.000. Franga 390.000 zimekwenda. Hapo si bwana wa kazi peke yake aliyezikula. Kimya nacho kimekula. Katika nyumba nyingi za hapa kwetu, feza hiyo ndiyo minervali ya mtoto ambaye leo kiti chake darasani ni kitupu.

Kwa hiyo, madai yakipelekwa, yawe na tarehe, na mtumishi ashike kopi iliyopokelewa kwa mhuri. Tarehe ile ndiyo inayozuia miezi kuendelea kufa.

6. NA LEO, HAPA KWETU?

Mtaniuliza: mkaguzi huyo yuko wapi leo? Swali hilo ni la haki. Tangu mwisho wa Januari 2025, M23 iliposhika mji wa Goma, ofisi za Serikali ya Kinshasa hazikubaki hapa kama zilivyokuwa. Mtu asidanganywe kwamba atapata kila kitu kama sheria inavyoeleza. Hata zamani, kabla ya siku hizi, wengi wa waponda mawe na wasichana wa nyumbani hawakumwona mkaguzi hata mara moja.

Lakini sheria ya 2002 haikufutwa, na mambo matatu yale hayangoji ofisi kufunguliwa. Mzee wa kanisa anayepatanisha waumini wawili anaweza kuuliza mambo hayohayo: hali ya kazi, ujuzi, matunda. Baba au mama mwenye kuajiri msichana wa nyumbani anaweza kujiuliza mwenyewe. Na ninyi wanafunzi, wengi wenu katika likizo mnatumika pamoja na dada zenu. Kama kijana analipwa zaidi ya dada yake kwa mzigo uleule wa mchanga, asicheke. Aulize sababu.

Tumalizie kwa Yakobo. Siku ile ya kuachana na Labani katika mlima, walifanya nini? Walikusanya mawe, wakafanya rundo, wakasema rundo hilo liwe shahidi kati yao. Baada ya miaka 20 ndipo shahidi wa kwanza alionekana! Kama rundo hilo lingewekwa siku ya kwanza, siku ya kuagana mshahara, Labani angeubadilisha mara kumi?

Mawe hapa kwetu hayakosekani. Lakini shahidi wetu awe kaye na biki. Leo jioni, kila mwanafunzi amuulize mzazi au ndugu yake anayetumika: «Uliagana bei gani, na nani alisikia?» Amwandikie majibu yake pamoja na tarehe. Kazi hiyo haitaki mhuri wa mtu yeyote.

Bwana awabariki.