Farasi Ukingoni

Daftari langu la sataranji lina ukurasa mmoja uliokunjwa kona. Hatua tano za mwanzo nimeziandika kwa mwandiko wa mtu asiye na wasiwasi: askari e4, askari e5; farasi f3, farasi c6; askofu c4, farasi f6; farasi g5, askari d5; askari wake akala d5, farasi wangu akamla. Nilikuwa na kete nyeusi. Kwenye hatua ya 6 wino umekolea hadi umetokeza upande wa pili wa karatasi, maana kalamu niliikandamiza pale pale nikimtazama farasi mweupe akitua f7, ndani kabisa ya nyumba yangu, akimtishia malkia na ngome kwa mpigo mmoja.

Mfalme wangu alimla. La kufanya jingine hakuwa nalo. Malkia wake akatoka hadi f3, akamwandama mfalme na farasi wangu wa d5 kwa pamoja. Ili farasi asiliwe bure, mfalme ikabidi apande e6, katikati ya ubao, mchana kweupe, huku maaskofu na ngome zangu zikiwa bado zimelala mstari wa nyuma. Kufika hatua ya 13 nilimlaza mfalme na kumpa mwenzangu mkono.

Shambulio hili si geni. Waitaliano wanaliita fegatello, kipande cha ini, na limejulikana tangu zama za Giulio Cesare Polerio, kiasi cha miaka 400 iliyopita. Jibu lake nalo linajulikana: kwenye hatua ya 5 mweusi asile d5. Farasi wake wa c6 aruke hadi a5, ukingoni mwa ubao, amguse yule askofu wa c4 anayeikodolea macho f7. Na mimi jibu hilo nilikuwa nimelisoma. Miezi kadhaa kabla yake niliwahi kukaa jioni nzima nikikariri funguzi kumi na tano, moja baada ya nyingine, majina na hatua zake. Siku ilipohitajika, haikuwapo hata moja. Lakini tangu ule mchezo wa daftarini, farasi a5 sijaisahau tena, na sikuirudia kuisoma.

Nimetaka kujua kwa nini iko hivyo. Saikolojia ya kumbukumbu imeshughulika na jambo hili kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanyika juu ya ubao huu huu wa sataranji.

Tuanze na ukubwa wa msitu. Mweupe ana hatua 20 za kuchagua anapoanza: 16 za askari na 4 za farasi. Mweusi naye ana 20. Kwa hiyo kila mmoja akishacheza mara moja, njia zilizowezekana ni 400. Wakicheza mara mbili mbili zinafika 197,281. Mweupe akicheza hatua yake ya 3 tu, zimepita milioni 4.8. Nyingi kati ya hizo ni upuuzi mtupu, ila tatizo ni kwamba mpinzani wako hakatazwi kucheza upuuzi. Unakariri njia moja hadi hatua ya 10, yeye anachepuka kwenye hatua ya 4, na yote uliyoyabeba kichwani yanabaki mzigo.

Zamani kukariri kulikuwa na maana zaidi. Jina lenyewe sataranji tumelipata kwa Waarabu, waliosema shatranj; wao waliupata mchezo kwa Waajemi, na Waajemi waliupata India, ulikoitwa chaturanga. Katika shatranj ya Baghdad ya karne ya 10, enzi za bingwa as-Suli, askari hakuruhusiwa kuruka nyumba mbili, na pembeni mwa mfalme alisimama waziri aliyekwenda kimshazari nyumba moja moja. Majeshi yalichelewa kukutana. Mchezaji aliweza kuzipanga kete zake katika umbo alipendalo, karibu bila kusumbuliwa, na maumbo hayo yalikuwa na jina, ta'biya, yaani mpangilio wa askari vitani. Mwishoni mwa karne ya 15 huko Ulaya kanuni zikabadilika. Waziri akageuka malkia wa kukatisha ubao mzima kwa hatua moja, na askofu naye akapewa mbio ndefu. Vita vikaanza kuwaka kwenye hatua ya 4. Tangu hapo ufunguzi si umbo la kupanga tu. Umekuwa mazungumzo, na mazungumzo hayakaririki.

Sasa bingwa ana nini kichwani? Mwanasaikolojia wa Uholanzi, Adriaan de Groot, alilichunguza swali hili katika kazi aliyoitoa mwaka 1946, na mwaka 1973 Wamarekani William Chase na Herbert Simon wakalifanyia jaribio ambalo hadi leo linafundishwa vyuoni. Waliwaonyesha wachezaji ubao kutoka mchezo halisi kwa sekunde 5, wakaufunika, wakawaambia waupange upya. Bingwa alirudisha mahali pake kete 16 hivi; anayeanza alirudisha 4 hivi. Halafu wakazitawanya kete ovyo, bila mantiki ya mchezo wowote, na ubora wa bingwa ukayeyuka. Kumbe hakuwa na jicho la kamera. Alichokuwa nacho ni mafungu: mfalme aliyejificha nyuma ya askari watatu, farasi na askofu wanaolenga nyumba moja, askari waliofungana katikati. Analiona fungu kama sisi tunavyoliona neno zima badala ya herufi moja moja.

Mafungu hayo hayaingii kichwani kama orodha. Kila fungu limefungwa pamoja na maana yake, yaani nini kinafuata likitokea. Farasi g5 na askofu c4 kwangu si kete mbili tena. Ni kitu kimoja, na kina sauti.

Jaribio jingine, lisilohusu sataranji, ndilo lililonifanya niache kusoma orodha za funguzi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vifupi vya kusoma. Kundi moja lilisoma kifungu tena na tena katika vipindi vinne. Kundi lingine lilikisoma kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likajaribu kuandika linachokumbuka, bila kuangalia. Baada ya dakika 5 wasomaji walikuwa mbele: asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yakapinduka. Waliosoma mara nne walibaki na asilimia 40, na waliojipima walibaki na 61. Zaidi ya hapo, kundi la wasomaji ndilo lililokuwa na imani kubwa kwamba litakumbuka. Jioni yangu ya funguzi kumi na tano iko humo ndani yote, pamoja na ile furaha ya kulala nikidhani nimejua.

Mchezo halisi ni mtihani wa kukumbuka, na wenye uzito, kwa sababu saa inakwenda na mtu ameketi mbele yako. Unapotafuta hatua kichwani na kuikosa, ile kuikosa ina faida pia. Mwaka 2001 Brady Butterfield na Janet Metcalfe walionyesha jambo linalopingana na matarajio: kosa ambalo mtu alilifanya akiwa na uhakika mkubwa, akisharekebishwa, ndilo linalosahihishika vizuri zaidi. Mshtuko unaielekeza akili yote mahali pamoja. Nami d5 niliila bila hata kupumua.

Hapa lakini kuna shimo, na wengi tunatumbukia. Kama kucheza kunafundisha, basi tucheze michezo ishirini kwa siku kwenye simu, ya dakika tatu tatu. Nawaona vijana wakifanya hivyo ndani ya daladala, mchezo ukiisha tu kidole kinabonyeza mwingine, na kosa la asubuhi linarudiwa jioni likiwa lile lile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Neil Charness na wenzake, uliowahoji wachezaji wengi wa viwango mbalimbali, ulikuta kwamba kilichoendana zaidi na uwezo wa mchezaji ni saa alizokaa peke yake akichambua, kuliko wingi wa mashindano aliyocheza. Mabingwa wakuu walikadiria saa 5,000 hivi za kazi hiyo katika miaka yao 10 ya mwanzo. Mchezo unakupa swali. Usipokaa nalo, swali linapotea pamoja na mchezo wenyewe.

Wazee wa bao wanalijua hili bila utafiti. Kete zikiisha kusombwa, mtu wa pembeni aliyekuwa kimya muda wote anainama, anarudisha shimo moja hadi jingine, anasema: wewe uliharibu kule kwenye namua, ulipokuwa bado na kete mkononi. Kisha wanabishana nusu saa. Ule ubishi ndio darasa.

Mikhail Botvinnik, mhandisi wa umeme aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1948, aliugeuza ubishi wa namna hiyo kuwa mfumo. Aliwahimiza wachezaji wachambue michezo yao wenyewe kwa maandishi na wauchapishe uchambuzi huo, ili wengine waukosoe. Sina wa kunichapisha, nina daftari. Mchezo ukiisha, kabla sijagusa kompyuta, naupitia na kuweka alama mahali ambapo nilianza kucheza kwa kubahatisha. Naandika nilichokuwa nafikiri pale, hata kama ni aibu. Natafuta mwenyewe hatua iliyo bora kuliko ile niliyocheza. Mara nyingi inanichukua nusu saa kwa hatua moja, na mara nyingi naikosa.

Ndipo nafungua programu. Siku hizi hakuna udhuru wa fedha: Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, ni ya bure kabisa, na ndani yake imo Stockfish, programu ambayo hakuna binadamu anayeweza kushindana nayo. Imo pia hazina ya michezo inayoonyesha watu wamecheza nini katika kila hali na kwa matokeo gani. Lakini mpangilio ni muhimu. Kompyuta ikitangulia, inakupa jibu kabla hujauliza, na unarudi kuwa yule mwanafunzi wa kusoma mara nne. Tena inasema tu hatua hii ni mbaya kwa kiasi hiki. Sababu inakuachia wewe.

Na isitupwe pia. Mwaka 2008 Merim Bilalić, Peter McLeod na Fernand Gobet waliwapa wachezaji wazuri hali yenye njia mbili za kumfunga mfalme: moja maarufu, nyingine fupi zaidi. Walipoiona ile maarufu walisema wanaendelea kutafuta iliyo bora, na walisema kwa dhati. Kifaa kilichofuatilia macho yao kilionyesha macho yanarudi kwenye nyumba zile zile za njia ya kwanza. Mtu anayejichambua peke yake atalipita kosa lake mara mia asilione, kwa kuwa anatazama kwa macho yale yale yaliyokosea.

Watafiti hao hao, mwaka 2009, waliwalinganisha wachezaji wa Ulinzi wa Kifaransa na wale wa Ulinzi wa Kisicilia wa tawi la Najdorf. Kila mmoja alipopewa hali kutoka ufunguzi wa mwenzake, alishuka kana kwamba amepoteza pointi 200 hivi za kiwango chake. Kwangu hiyo inatosha kuacha kuhangaika na funguzi kumi na tano. Nina moja kwa kete nyeupe na mbili kwa nyeusi, na kila mchezo unaongeza hatua moja tu juu ya zile ninazozijua kwa sababu zake.

Wiki tatu baada ya kipigo kile nilikutana tena na farasi g5. Askari d5, akala d5, nami nikamsogeza farasi a5. Mwenzangu aliinua macho kidogo. Askofu wake akaja b5 kumtishia mfalme, nikaziba kwa askari c6, wakalana, nikawa nimepungukiwa na askari mmoja huku kete zangu zikiwa na njia wazi. Nilitarajia askofu arudi nyuma. Hakurudi, malkia akatoka f3. Askari wangu wa c6 alikuwa na uwezo wa kumla askofu, lakini angeondoka tu pale, malkia angepita moja kwa moja hadi a8 na kuichukua ngome. Niliwaza dakika 12, nikacheza ngome b8, na baada ya saa mbili tukatoka sare.

Usiku ule, kompyuta ikiwa bado imefungwa, niliandika chini ya ukurasa: hatua ya 8, malkia f3. Ngome b8, au kuna haja ya kumlinda c6 kabisa? Vipi askofu e7, nimwachie amle?