Picha nzito mitandaoni, anayelipa ni msomaji

Kwetu pwani maiti hacheleweshwi. Mtu akifariki alfajiri, huenda akazikwa baada ya adhuhuri, na siku hizi wengi wetu habari hiyo twaipata kwenye simu. Sasa tangazo lenyewe huwa ni bango lenye sura ya marehemu, limepandishwa mtandaoni likiwa na megabaiti saba au nane. Aliyeko Mombasa mjini atalifungua. Aliyeko Kizingitini na kibando chake kidogo, mtandao ukisuasua, ataona kiduara kinazunguka tu. Bango likija kufunguka, watu washatoka makaburini.

Mimi huwatengenezea watu tovuti, za madrasa, vilabu vya mpira na nyumba za wageni, na tatizo hili nalikuta karibu kila mahali. Picha yatolewa kwenye simu na kupandishwa vile vile ilivyo.

Simu nyingi za sasa hupiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yaani nukta milioni 12. Kioo cha simu ya msomaji mara nyingi kina upana wa pikseli 1080 hivi, au chini ya hapo. Nukta zilizobaki zasafirishwa bure, na nauli yake yakatwa kwenye bando la msomaji. Ukiipunguza picha hiyo ikawa na upana wa pikseli 1200, zabaki nukta milioni moja na kidogo, na faili la megabaiti nne laweza kushuka hadi kilobaiti 200. Kwa hiyo anza na vipimo, kisha ndio uulize aina ya faili.

Picha ya kamera, iwe ni uso wa mtu, bahari au mlango wa nakshi, ihifadhi kwa JPEG. Mfumo huu ni wa tangu 1992, na hupunguza uzito kwa kutupa yale ambayo jicho halitayakosa. Ubora wa 75 au 80 watosha kabisa. Ila kila ukiihariri na kuihifadhi upya hutupa tena, basi weka ile ya asili kando. Na picha iliyokuja kwa WhatsApp kwa kawaida imeshabanwa njiani. Mwombe mwenyewe akutumie kama hati.

PNG haitupi kitu. Yafaa nembo, ramani, ratiba ya mechi, chochote chenye herufi na mistari, kwa sababu JPEG huzipaka herufi ukungu pembeni. Lakini picha ya kamera ukiihifadhi kwa PNG huvimba mara kadhaa, na mabango mengi mazito niyaonayo yametokana na hilo. GIF, ya 1987, ina rangi 256 tu. Machweo ya Shela hayatoshei humo. WebP ililetwa na Google 2010, na mara nyingi huwa nyepesi kuliko JPEG kwa robo hivi. Simu karibu zote za sasa huifungua, ingawa iPhone ziliipokea 2020 tu.

Hata hivyo, kwa tangazo la msiba mimi sitegemei picha. Jina, mahali na wakati wa maziko nayaandika kwa maneno ya kawaida juu ya bango. Maneno mia mbili ni kilobaiti mbili hivi, hufika hata mtandao ukiwa taabani. Kisha asiyeona, ambaye simu humsomea kwa sauti, hupata habari pamoja na wenzake; maneno yaliyo ndani ya picha mara nyingi hayamfikii.

Kupunguza hakuhitaji kununua programu. Squoosh hufanya kazi ndani ya kivinjari, bila malipo, na picha haitoki kwenye kifaa chako. Ukishamaliza, hakikisha pia faili halina alama za mahali ilipopigwa, maanake simu nyingi huziweka kimyakimya, na si kila familia ingependa nyumba yake ijulikane ilipo.