Moyo Mbio Kabla ya Somo la Udi: Usikimbilie Kidonge cha Jirani

Wiki hii tunazungumzia ile hali inayokukuta ukikaribia mlango wa mwalimu wa muziki, tena mwalimu mwenye jina lake. Ghafla vidole vinakuwa baridi, mdomo unakauka, na wimbo ulioupiga vizuri jana nyumbani unapotea kichwani. Watu wa pwani wanaita kiherehere cha moyo (sio kile kiherehere cha kujipendekeza!).

Wengi wetu tumeanza kujifunza muziki ukubwani, baada ya kufika huku. Mtu amekulia Zanzibar au Mombasa akisikia taarab kwenye kila harusi, lakini hakuwahi kushika udi mpaka alipopata kazi ya kudumu ughaibuni na jioni moja ya kupumzika. Sasa anakaa mbele ya fundi aliyeanza kupiga tangu utotoni. Na sisi tumelelewa kumheshimu mwalimu, tunaona haya kumwambia "sijaelewa" mara tatu. Juu ya hayo kuna lugha ya kigeni, na ada inahesabiwa kwa saa. Si ajabu mtu akawa matumbo joto, na wengine huahirisha somo mara mbili tatu mpaka wanaacha kabisa.

Kwanza ujue mwili unafanya nini. Ubongo ukihisi hatari, hata kama hatari yenyewe ni kuaibika tu, mwili unamwaga homoni ya adrenalini. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, na damu inapungua kwenye ngozi na vidole ili iende kwenye misuli mikubwa ya kukimbilia. Ndiyo maana mkono unaoshika risha unakuwa baridi na kutetemeka. Sio dalili kwamba huna kipaji. Pablo Casals, Mkatalani aliyekuwa miongoni mwa wapigaji wakubwa wa chelo duniani, alisumbuliwa na woga wa jukwaani maisha yake yote. Mwaka 1901 akiwa California jiwe liliporomoka mlimani likamuumiza mkono, na mwenyewe alisimulia kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa kumshukuru Mungu kwa kuwa hatalazimika kupiga tena! Alipona, akaendelea kupiga mpaka uzeeni.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii. Kuna vidonge viitwavyo propranolol, ambavyo madaktari huwaandikia wagonjwa wa presha, wa moyo, wa kipandauso na wakati mwingine wenye wasiwasi. Ni kweli vinapunguza mapigo ya moyo na kutetemeka, na wanamuziki wengi wa Ulaya na Marekani wanavijua. Tatizo ni pale mtu anapompa mwenzake viwili vitatu kutoka kwenye dawa zake za presha, "meza kimoja kabla ya somo, utatulia." Ndugu yangu, usimeze. Kwa mwenye pumu, kidonge hicho kinaweza kubana njia za hewa hadi ashindwe kupumua, hata kama pumu yake ilimwacha miaka iliyopita. Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini, kinaficha dalili za sukari kushuka, yaani moyo kwenda mbio na kutetemeka, hivyo anaweza kuzidiwa bila kujua. Vikizidi kipimo vinaweza kuua. Na wewe unayegawa dawa zako ujue zikikuishia ghafla unauweka moyo wako mwenyewe hatarini. Kama unahisi unavihitaji, mwone daktari, mweleze magonjwa yako yote na dawa zako zote, pamoja na za mitishamba.

Mirungi nayo usiguse. Inaongeza mapigo ya moyo, na Uingereza imepigwa marufuku tangu 2014.

Yanayosaidia ni mambo ya kawaida kabisa. Siku ya somo punguza kahawa, na usiende na njaa. Kama ni Ramadhani, muombe mwalimu muda wa baada ya futari. Fika mapema robo saa, nawa mikono kwa maji ya uvuguvugu. Kisha kaa, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita, kwa dakika tano hivi. Kutoa pumzi polepole ndiko kunakotuliza moyo.

Usijilazimishe kusema "sina woga" wakati unao. Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha utafiti mwaka 2014: watu waliojiambia kabla ya kuimba kwamba wana hamu na msisimko waliimba kwa usahihi zaidi kuliko waliosema wana wasiwasi. Mwili ni uleule, umebadilisha jina tu.

Anza somo na kipande kifupi unachokijua, sio kile kigumu ulichokikariri jana usiku ili umfurahishe. Mwambie mwalimu wazi kwamba mikono inatetemeka. Walimu wengi wenye uzoefu wameshayaona hayo, na baadhi yao yamewakuta wenyewe. Muombe ruhusa urekodi somo kwa simu, maana mwenye hofu hasikii nusu ya anayoambiwa.

Lakini moyo ukienda mbio hata ukiwa umekaa tu nyumbani, au unapungua uzito bila sababu, hayo sio ya somo la muziki, nenda ukapimwe. Maumivu ya kifua au kuzimia ni ya kupiga simu ya dharura. Na kama wasiwasi unakunyima usingizi au kukuzuia kwenda kazini, tafuta msaada wa mazungumzo. Ukiwa England unaweza kujiandikisha mwenyewe NHS Talking Therapies bila kupitia kwa daktari, na hulipi. Unapopiga simu sema mapema kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili, naye pia ni bure. Usimtumie mtoto wako kutafsiri.