Chakula Safi Kinataka Chombo Safi

Mama amepika ugali na maharagwe. Chakula kimeiva vizuri. Sasa anataka kupakua. Anaokota upawa uliokuwa chini, karibu na kuku. Anaufuta kwa khanga yake, kisha anauchovya chunguni. Je, chakula hicho bado ni safi?

La. Moto uliua vijidudu vilivyokuwamo chunguni. Lakini upawa umeleta vijidudu vingine. Vijidudu hivyo vinaweza kuleta ugonjwa wa kuhara. Mtoto mdogo akihara hupoteza maji mengi mwilini. Anaweza kufa upesi. Kwa hiyo usidharau upawa.

KUCHAGUA VYOMBO

Si lazima ununue kila kitu. Kifuu cha nazi na kijiti hutengeneza upawa mzuri. Kwa mwiko, tafuta mti mgumu usio na harufu wala utomvu. Uchonge mpaka uwe laini. Mwiko wenye nyufa haufai, kwa sababu chakula hubaki ndani ya nyufa na kuoza. Mwiko ukipasuka, chonga mwingine. Ule wa zamani utakuwa kuni.

Unaponunua sahani au bakuli, pitisha kidole ukingoni. Chagua chombo laini kisicho na ufa. Sahani za bati zenye rangi ya kung'aa zisisuguliwe kwa mchanga. Rangi itakwaruzika na uchafu utashika.

Usitumie kamwe kopo au debe lililokuwa na dawa ya kuua wadudu. Hata ukiliosha mara kumi, sumu yaweza kubaki. Sumu haionekani kwa macho.

KUTUNZA VYOMBO

Baada ya kula, fanya hivi:

1. Ondoa makombo yote.
2. Osha vyombo kwa maji ya moto na sabuni. Kama huna sabuni, sugua kwa jivu safi.
3. Suuza kwa maji mengine safi.
4. Vifudikize juu ya kichanja, vikauke kwa jua na upepo. Usivifute kwa kitambaa kichafu.
5. Vikikauka, viweke mahali pasipofikiwa na inzi, panya na mende.

Je, una kichanja nyumbani kwako? Kukijenga si kazi ngumu. Simika miti minne. Funga fito juu yake kwa kamba. Acha nafasi kati ya fito ili maji yachuruzike. Kichanja kifike kiunoni au zaidi, mbwa na mbuzi wasiramba vyombo. Baba, kazi hii si ya mama peke yake. Chukua panga, waite vijana, mkijenge pamoja.

WAKATI WA KUPAKUA

Nawa mikono kwa sabuni kwanza. Upawa ulioshika nyama mbichi usipakulie chakula kilichoiva. Ukitaka kuonja, dondosha mchuzi kidogo kiganjani. Usiulambe upawa kisha ukaurudisha chunguni. Chakula kikisubiri watu, kifunike kwa kawa safi.

Kumbuka pia kata ya maji. Itundike ukutani. Usiinywee. Chota maji, mimina katika kikombe, kisha unywe. Vidole visiguse maji ya mtungini.

Mwaka 1973 watu wengi wa vijiji vya Tanzania walikusanyika kusikiliza redio na kujadiliana katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walijifunza kwamba magonjwa mengi yanaweza kuzuiwa na watu wenyewe. Jambo hilo ni kweli hata leo. Dawa ya hospitali ni nzuri, lakini kujikinga ni bora zaidi.

Ndugu msomaji, leo jioni kabla ya kupakua, utazame upawa wako. Ulikuwa umewekwa wapi?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini chakula kilichoiva vizuri kinaweza kuleta ugonjwa?
2. Ni miti gani kijijini kwenu inafaa kuchonga mwiko?
3. Nyumba ngapi jirani yako zina kichanja? Zisizo nacho zisaidiwe vipi?