Kipupwe Tabora, Moto Maskati

Mwezi Julai mama wa Ipole huwafunika watoto blanketi mbili, kisha hukumbuka yule mkubwa aliyekwenda kufanya kazi za nyumbani Oman. Humpigia simu na kumwambia, "Mwanangu, vaa sweta, baridi imezidi." Binti hucheka, kwa maana wakati huo yeye anatokwa jasho hata usiku wa manane.

Akina mama wenzetu, tusione haya. Ni kawaida kudhani kwamba majira yetu ndiyo majira ya dunia nzima. Lakini sisi tunaohudumia wagonjwa tunajua kwamba ushauri mzuri unaotolewa wakati usiofaa haumsaidii mtu.

Jua moja, majira mawili

Undugu wetu na Oman ni wa zamani. Katika karne ya 19 Waarabu wa huko walifika Tabora na misafara kutoka Bagamoyo, wakajenga na kukaa. Siku hizi ni mabinti zetu wanaokwenda kwao, tena kwa ndege.

Tabora iko kusini ya Ikweta, nayo Maskati iko kaskazini. Tarehe 21 Juni jua la adhuhuri huwa karibu utosini mwa watu wa Maskati. Joto la mchana hufika nyuzi 40 na kuzidi, na unyevu wa bahari huzuia jasho lisikauke. Tarehe 26 Juni 2018, huko Quriyat, mji wa pwani jirani na Maskati, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana. Kwetu wakati huo ni kipupwe: tuko juu kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku hushuka hadi nyuzi 15 hivi.

Sisi joto letu kali ni Oktoba. Jua hupita utosini mwetu mwanzoni mwa mwezi huo, na mawingu ya masika bado hayajaja kutufunika. Ifikapo Januari, sisi tuko kwenye matope, na Maskati mchana ni nyuzi 25 tu. Hapo ndipo sweta la binti linapofaa, hasa usiku.

Mvua nayo hutofautiana. Tabora hupata milimita 900 hivi kwa mwaka. Maskati hupata kama 100 tu. Hata hivyo Aprili 2024 nchi zote mbili zililia. Hapa Tanzania, Bunge lilielezwa kwamba watu 155 walikuwa wamefariki kwa mvua za El Nino. Oman nako mafuriko ya ghafla yaliua watu, wakiwamo watoto wa shule. Mito mikavu ya huko, inayoitwa wadi, hujaa kwa muda mfupi sana. Mwonye binti asivuke wadi mvua inaponyesha, kama unavyowaonya wadogo zake wasivuke mto uliofurika.

Mama aulize nini?

Kuanzia Juni hadi Agosti, Oman hukataza kazi za nje, kama ujenzi, kati ya saa 6:30 na saa 9:30 mchana. Lakini nani atamhesabia saa binti anayeanika nguo juu ya dari au kupika karibu na jiko? Mwulize:

1. Unakunywa maji mara ngapi? Asingoje kiu. Mkojo mweusi kama chai ni dalili ya hatari.

2. Chumba unacholala kina feni au kiyoyozi kinachofanya kazi?

3. Je, unaweza kufua na kuanika alfajiri, kabla jua halijakolea?

4. Umepata kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu au kukakamaa misuli? Apumzike mahali penye baridi na kunywa maji yenye chumvi na sukari ya kuongezea mwili nguvu.

Mtu akichanganyikiwa, akianguka, au mwili ukichemka kama pasi, hiyo ni hatari ya kufa. Apelekwe kivulini, alegezwe nguo, amwagiwe maji, apepewe, na aitiwe gari la hospitali mara moja. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Binti huogopa kumwomba mwajiri nafasi ya kupumzika. Akisikia mama yake anauliza bila kumlaumu, atapata ujasiri wa kusema. Na ukisikia sauti yake imedhoofika, usimalize na salamu tu. Mwombe azungumze na mama mwenye nyumba, au nyumba ya jirani.

Na sisi nyumbani

Kipupwe chetu kina maradhi yake. Mtoto akikohoa na kupumua haraka, au mbavu zikiingia ndani, usimpake mafuta ya kuchua na kungoja. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Oktoba wape watoto maji mara kwa mara. Mvua za Novemba zikianza, ushushe chandarua kila usiku, kwani mbu wa malaria nao wanajua kalenda yetu.

Tundika basi kalenda mbili ukutani: moja ya hapa, nyingine ya aliko mwanao. Kabla ya kupiga simu, itazame ya pili.