HOMA YA MAFUA NA DAWA ZA NYUMBANI

Imepokewa katika Hadithi ya kwamba mtu mmoja alipiga chafya mbele ya Bwana Mtume (s.a.w.), naye Mtume akamwombea rehema kama ilivyo desturi. Yule mtu akapiga chafya tena, na Mtume akawaambia waliokuwapo ya kwamba huyo ana mafua. Ni jambo dogo, lakini ndani yake mna adabu ya tabibu: kwanza kutazama, ndipo kuuita ugonjwa kwa jina lake. Twapenda wazazi wa bonde la Kilombero waikumbuke adabu hiyo kila mtoto anapoamka na mwili wa moto, kwa kuwa kule Ifakara jina la ugonjwa limekosewa mara nyingi sana.

Kwa miaka mingi kila homa ya bondeni iliitwa malaria, wala si ajabu. Mto hufurika wakati wa masika, mashamba ya mpunga hujaa maji, na mbu hawana pa kukosa. Ndiyo sababu mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha Ifakara maabara ndogo ya kuchunguza maradhi ya nchi za joto, na maabara hiyo ndiyo iliyokua hata ikawa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Lakini mwaka 2008 madaktari waliwapima kwa makini watoto 1,005 waliokuja na homa katika vituo vya Ifakara na Dar es Salaam. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2014, yaliwashangaza wengi. Wenye malaria walikuwa kama 10 tu katika kila 100. Wenye maradhi ya njia ya pumzi walikuwa 62 katika kila 100, na wengi wa hao walikuwa na virusi, vikiwemo vya homa ya mafua ambayo Wazungu huiita influenza.

Basi yako makosa mawili. La kwanza ni kumpa mtoto mwenye mafua dawa ya malaria, ambayo haitamfaa kitu. La pili, nalo ndilo baya zaidi, ni kumpa mtoto mwenye malaria maji ya tangawizi na kungoja. Malaria ya mtoto mdogo haingoji. Huweza kumwua katika siku moja au mbili. Kwa hiyo twasema wazi, kabla hatujataja asali wala ndimu: katika bonde la Kilombero mtoto mwenye homa apimwe damu kwanza, siku ile ile. Kipimo cha haraka huhitaji tone moja la damu ya kidole, na majibu hutoka kwa muda kama wa robo saa. Ikiwa hana malaria, wala haonyeshi dalili za hatari tutakazozieleza, ndipo jiko la mama linapokuwa duka la dawa.

Homa ya mafua si mafua ya kawaida yanayotiririsha pua na kupita. Humshika mtu ghafla: asubuhi yu mzima, jioni viungo vyote vyamwuma, kichwa chagonga, koo lakwaruza, na baridi yamtetemesha. Homa hukaa siku tatu hadi tano, na kikohozi huweza kubaki majuma mawili. Wazee wetu husema imeletwa na mvua. Mvua haina virusi, lakini wazee hawakusema ovyo, maana masika ndiyo yanayowakusanya watu wanane katika kibanda kimoja, mlango umefungwa, na mmoja akikohoa wote huvuta pumzi yake. Wala usiidharau kwa kuwa jina lake ni jepesi. Mwishoni mwa mwaka 1918, vita vya Wajerumani na Waingereza vikiwa vimekwisha kuziharibu nchi za Mahenge na Ulanga, homa hii ilipita Tanganyika nzima, na inakadiriwa kuwa iliua watu baina ya 50,000 na 80,000, wengi wao vijana wenye nguvu.

Dawa ya kwanza ni maji. Mwili wenye homa hukauka, na mgonjwa hataki kunywa. Basi mpe kidogo kidogo, kila mara. Mchele wa Kilombero wasifiwa hata Dar es Salaam, nao kwa mgonjwa una sifa nyingine: uji wake mwepesi, uliotiwa chumvi kidogo, hushuka kooni pasipo taabu, hutuliza tumbo na kurudisha nguvu. Maji ya dafu, mchuzi wa kuku, maji ya machungwa, vyote vyafaa. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya, tena mara nyingi kuliko siku za afya, maana maziwa ya mama ni chakula na kinywaji kwa pamoja.

Kisha asali. Msomaji ajua kwamba katika Sura ya An-Nahl Mwenyezi Mungu ametaja ya kuwa mna poza kwa watu katika kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki. Mwaka 2007 madaktari wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, waliwajaribu watoto 105 wenye kikohozi, na wazazi wa wale waliopewa asali kabla ya kulala ndio waliosema watoto wao walikohoa kidogo na kulala vizuri. Kijiko kimoja kidogo chatosha, ama peke yake ama katika maji ya uvuguvugu yaliyokamuliwa ndimu. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asionjeshwe asali kabisa, hata kwa ncha ya kidole. Ndani ya asali mwaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mkubwa hukishinda, na tumbo la mchanga haliwezi. Sumu yake hulegeza viungo vyote mpaka pumzi. Desturi ya kumlambisha mchanga asali bado iko katika nyumba zetu nyingi, na wanaoifanya huifanya kwa mapenzi. Wako wanaotumia tende iliyotafunwa na kulainishwa, ambayo ndiyo iliyotajwa katika Sunna.

Tangawizi iliyopondwa na kuchemshwa, pamoja na majani ya mchaichai yanayoota uani, ni kinywaji kizuri kwa wakubwa. Chenyewe hakiui virusi, lakini hupasha kifua joto, humfanya mgonjwa apende kunywa, na hilo si haba. Koo likiuma, mtu mzima asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko kidogo katika glasi moja, na kuyatema. Mchanga aliyezibwa pua hawezi kunyonya. Adondoshewe tone moja au mawili ya maji safi yaliyochemshwa, yakatiwa chumvi kidogo sana na kupoa, ndipo apanguswe kwa kitambaa laini. Habasoda nayo inajulikana kwa Hadithi mashuhuri iitajayo kuwa ni poza ya kila ugonjwa ila mauti. Wako wanazuoni walioeleza ya kuwa maana yake si kwamba dawa nyingine ziachwe, na Mtume mwenyewe aliwahimiza watu wajitibu. Mtu mzima akitia chembe zake katika asali hakuna ubaya. Mama mjamzito aulize kwanza.

Kuhusu kujifukiza tunayo maneno. Majani ya mkaratusi na mvumbasha hufungua pua kwa kitambo, na mwaka 2020, wakati wa UVIKO, nyungu ilienea nchi nzima. Mtu mzima akipenda, na ajifukize. Mtoto asiingizwe chini ya blanketi pamoja na chungu cha maji yanayochemka. Mvuke hauui virusi kifuani, ila maji yakipinduka huacha makovu ya maisha.

Yako pia mambo ya kuachwa kabisa. Kimeo kisikatwe, kikohozi hakitoki huko, na kisu cha mkataji kimekwisha kuwamwaga damu watoto wengi. Mafuta ya mwarobaini yasinyweshwe watoto, yamepata kuwatia degedege na hata kuwaua. Aspirini si dawa ya mtoto mwenye homa ya mafua, apewe parasetamoli kwa kipimo cha umri na uzito wake. Na vile vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa dukani kimoja kimoja, huua bakteria wala haviui virusi; kazi yake katika mafua ni kumaliza fedha, na kuwafundisha bakteria ukaidi.

Sasa tuje kwenye dungu. Familia nyingi za Kilombero huhamia mashambani wakati wa kilimo, zikakaa huko majuma na miezi kulinda mpunga na ndege na nguruwe, mbali na zahanati, njia zikiwa matope. Huko ndiko mama anapoamua peke yake, usiku, kwa mwanga wa kurunzi. Basi ajifunze kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, kifua chake kitazamwe kwa dakika moja kamili. Aliye na miezi miwili mpaka kumi na mmoja akivuta pumzi mara 50 au zaidi, na wa mwaka mmoja mpaka mitano mara 40 au zaidi, yafaa kudhaniwa ana nimonia, na asali haina kazi hapo tena. Kadhalika akiwa ngozi chini ya mbavu yaingia ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunywa wala kunyonya, au atapika kila kitu, au amelegea haamki vizuri, au ameshikwa na degedege. Degedege si pepo wala si ndege. Mara nyingi ni homa kali au malaria iliyopanda kichwani, na dakika zinazotumiwa kutafuta mganga ndizo zinazompotea mtoto. Mchanga wa chini ya miezi miwili apelekwe kwa homa yoyote ile. Wazee, wajawazito na wenye pumu wasingojee siku ya tatu.

Mgonjwa akiwa mmoja, nyumba yaweza kuwasalimisha wengine. Imepokewa kwamba Mtume alipopiga chafya alifunika uso wake kwa mkono au kwa nguo na kupunguza sauti yake, na wauguzi wa leo hawana la kuongeza ila kuosha mikono kwa sabuni. Kikombe cha mgonjwa kiwe chake. Dirisha lifunguliwe mchana, na usiku alale ndani ya chandarua peke yake ikiwezekana. Baba mwenye homa asali nyumbani, hata siku ya Ijumaa, na akiwa Ramadhani afungue, kisha alipe siku zake akipona.

Tena kabla ya kwenda shambani, nauli ya zahanati ifungwe kitambaani pamoja na kadi ya mtoto, isiguswe kwa sukari wala chumvi. Kabla ya kujengwa daraja la Mto Kilombero, lililozinduliwa mwaka 2018, mgonjwa wa upande wa Ulanga alipaswa kungoja kivuko ukingoni. Siku hizi pikipiki yavuka usiku wowote, na dereva hudai fedha yake kwanza.